Hayafai, au Hayamfai? Jinsi Mapafu ya Mtoaji Yanavyopimwa

Swali: Shikamoo Daktari. Mama yangu ana miaka 58. Mapafu yake yameota makovu na sasa anaishi kwa mtungi wa oksijeni. Tuko Ontario, Kanada, naye yumo kwenye orodha ya kupandikizwa mapafu. Tumeshaitwa hospitali mara mbili usiku. Mara zote mbili alitayarishwa, akawekewa sindano, akakaa na njaa, kisha tukaambiwa "mapafu hayafai" na kurudishwa nyumbani. Ndugu zetu wa Mombasa wanasema bila shaka yamepewa mtu mwingine. Naomba kujua nani anaamua, na kwa kipimo gani. Ni macho ya daktari tu, au kuna kitu kinachopimika? Na wakituita tena wakasema mapafu yamepitia kwenye mashine, tukubali?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Mpe mama pole nyingi, na wewe pia pokea pole. Kukaa na njaa usiku kucha ukingoja kupasuliwa, kisha kuambiwa uvae nguo zako urudi nyumbani, ni jambo zito, na kutokea mara mbili hakulifanyi kuwa jepesi. Mimi si mpasuaji wa kupandikiza. Ni daktari wa mapafu na wagonjwa mahututi, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa upande ambao ninyi hamwuoni: kando ya kitanda cha yule aliyefariki, ambako hesabu hizi zote huanzia.

Nianze na neno lenyewe. Mliambiwa "hayafai". Huenda kilichokusudiwa ni "hayamfai". Silabi moja, lakini mambo mawili tofauti kabisa. Pafu linaweza kuwa zima na lisimfae mama yako. Kundi la damu huenda halilingani, au damu yake ina kingamwili zitakazolishambulia, au, na hili hutokea sana, ni kubwa kuliko kifua chake. Ukubwa hukadiriwa kwa urefu na jinsia ya mtoaji na ya mpokeaji. Tena ugonjwa wa makovu huvuta mbavu ndani, kifua kikazidi kuwa kidogo. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba wagonjwa wafupi, hasa wanawake, husubiri muda mrefu zaidi. Kwa hiyo ndugu zako wa Mombasa huenda wamesema kweli bila kuwapo udhalimu wowote: mapafu yale yalikwenda kwa mtu ambaye kifua chake kiliyatosha. Swali la kwanza la kumwuliza mratibu wa upandikizaji, basi, ni hilo: yalikuwa mabovu, au hayakumfaa mama? Mna haki ya kulijua.

Sasa tuchukulie kwamba walimaanisha mabovu. Nani alisema, na alipima nini?

Pafu ni kiungo dhaifu kuliko figo au ini. Mtu anapofariki kwa kifo cha ubongo, mwili hufura kwa homoni za mshtuko, shinikizo la damu hupanda ghafla, na maji huvuja kuingia kwenye vifuko vya hewa. Huenda alitapika na matapishi yakaingia kifuani. Amelala chali kwa siku kadhaa akiwa na mpira kooni, na makohozi hayatoki. Ndiyo maana, kwa miaka mingi huko Marekani, mapafu yametumika kwa takriban mtoaji mmoja tu kati ya watano.

Uamuzi wa kwanza hufanywa kwa simu na kompyuta, mbali na kitanda. Vigezo vya zamani vilisema hivi: awe na umri chini ya miaka 55, asiwe amevuta sigara kupita pakiti moja kwa siku kwa miaka 20, eksirei iwe safi, kifua kisiwe kimeumizwa, kusiwe na usaha kwenye njia za hewa, na oksijeni ya damu ipite 300. Hii 300 ndiyo namba utakayoisikia sana. Mtoaji hupewa oksijeni tupu kwa mashine, damu huchukuliwa kwenye mshipa wa ateri, na shinikizo la oksijeni hupimwa kwa milimita za zebaki. Mapafu mazima hupita 500 kwa urahisi. Yakishindwa kufika 300, simu nyingi huishia hapo.

Namba inaonekana kuwa haki tupu, haina ndugu wala rafiki. Lakini nikueleze ninachokijua kutoka kitandani. Namba ile haipimi pafu peke yake. Inapima pafu pamoja na jinsi sisi tulivyolihudumia saa ile. Donge la makohozi likiziba njia moja ya hewa, sehemu yote iliyo nyuma yake hunywea, damu inapita pale bila kukutana na hewa, na namba inaanguka. Lile donge likinyonywa kwa kamera ya njia za hewa, na pafu likajazwa taratibu, namba hupanda. Nimeiona ikipanda kwa zaidi ya 100 katika zamu moja, na pafu ni lilelile. Maji ya dripu yakizidi, inashuka. Dawa ya kukojoza ikitolewa, inapanda.

Kuna utafiti ninaoupenda sana kwa sababu hii. Ulifanywa katika vyumba vya wagonjwa mahututi 12 vya Ulaya na kuchapishwa mwaka 2010. Watoaji 118 waligawanywa kwa kura. Nusu yao walipumulishwa kwa mtindo wa kawaida wa wakati ule, pumzi kubwa kubwa. Nusu nyingine walipewa pumzi ndogo, na shinikizo kiasi likabaki kifuani mwisho wa kila pumzi ili vifuko visinywee. Baada ya saa 6 tu, mapafu yaliyotimiza vigezo yalikuwa asilimia 54 upande wa kwanza na asilimia 95 upande wa pili. Yaliyochukuliwa kweli kupandikizwa yalikuwa asilimia 27 dhidi ya 54. Binti yangu, hao walikuwa watu wa aina moja, waliogawanywa kwa kura! Tofauti ilikuwa namna ya kuwapumulisha. Kwa hiyo mtu akiniambia "tulipima, yakapata 260", swali langu la kwanza ni "mlipima baada ya kufanya nini?" Kipimo cha haki ni kile kilichorudiwa katika hali ileile iliyokubaliwa, baada ya pafu kupewa nafasi ya kujieleza. Namba moja ya saa tisa usiku haitoshi.

Mapafu yakishapita hapo, ndipo simu yenu inapolia. Elewa kwamba mama huitwa kabla ya uamuzi wa mwisho. Pafu lililotolewa mwilini halingoji siku nzima kama figo linavyoweza kungoja, kwa hiyo mpokeaji lazima awe tayari wakati timu bado iko kwa mtoaji, pengine mji mwingine. Kule kwanza wanapitisha kamera kwenye njia za hewa: je, makohozi yakinyonywa yanarudi tena? Yakirudi kutoka ndani kabisa, na ni ya usaha, hiyo ni dalili mbaya. Kisha kifua kinafunguliwa, na hapo mkono unachukua kazi.

Umewahi kushika pafu la mbuzi siku ya Idi? Basi unajua: ni laini kama sifongo, na ukiliminya hewa inatoa mlio mdogo. Pafu la binadamu ni hivyohivyo. Mpasuaji hulipapasa lote akitafuta vinundu, sehemu iliyo nzito kama ini, sehemu isiyojaa hewa. Halafu anaomba mpira wa mashine uchomolewe kwa muda mfupi. Pafu zima hunywea lenyewe palepale. Lililojaa maji, au lenye njia za hewa zilizoharibika kwa sigara, hubaki limevimba. Damu huchukuliwa pia kutoka kwenye mishipa ya vena inayotoka kila upande wa mapafu, kwa sababu pafu la kushoto linaweza kuwa zuri kabisa huku sehemu ya chini ya lile la kulia ikiharibu hesabu ya yote mawili. Pengine hapo ndipo usiku wenu ulipoishia.

Siudharau mkono huo. Mpasuaji aliyepapasa mamia ya mapafu anajua mambo ambayo hakuna mashine iliyoyaandika. Ila wapasuaji wawili wenye uzoefu sawa wanaweza kutofautiana juu ya pafu moja, na uchovu wa usiku hauko mbali. Kuna jambo lingine linalonisumbua zaidi. Tukikosea kwa kukubali pafu bovu, tunaliona kosa letu: mgonjwa amelala mbele yetu, hapumui vizuri, familia inalia. Tukikosea kwa kukataa pafu zima, hatuoni kitu. Pafu lile halirudi kutushitaki. Mgonjwa aliyelikosa anafariki nyumbani miezi mitatu baadaye, na kwenye cheti chake cha kifo imeandikwa kwamba ameuawa na ugonjwa wake. Kwa hiyo kila mwaka tunajifunza kuogopa kukubali, na hatujifunzi kamwe kuogopa kukataa.

Mwaka 2002 kundi la watafiti wa California lilifanya jambo ambalo watu wachache walikuwa wamejaribu. Walichukua jozi 29 za mapafu yaliyokwisha kukataliwa, wakayachunguza maabara: yana maji kiasi gani, vifuko bado vinaweza kuyanyonya maji hayo, nyama yake ikoje chini ya darubini. Jozi 12 kati ya hizo 29, yaani asilimia 41, pengine zingefaa kupandikizwa. Nikizifikiria hizo 12, ninafikiria pia watu waliokuwa wakizisubiri.

Hapo ndipo mashine unayoiulizia inapoingia. Ilianzia Lund, Sweden, kwa mpasuaji Stig Steen. Mwaka 2000 alichukua pafu la mtu aliyefariki kwa moyo kusimama, akaliweka nje ya mwili, akalipitishia kimiminika cha uvuguvugu na kulipumulisha ili aone linavyofanya kazi, kisha akampandikiza mgonjwa. Hospitali kuu ya Toronto, mahali palepale ambapo mwaka 1983 alipandikizwa mgonjwa wa kwanza duniani kuishi miaka kadhaa kwa pafu la mtu mwingine, ikaiendeleza hadi ikawa kazi ya kila siku. Jambo hilo lina maana kwenu, maana liko mkoani kwenu.

Mapafu huwekwa ndani ya kuba ya plastiki safi. Pampu inasukuma kimiminika chenye protini na chumvi kupitia mishipa yake, taratibu, kwa mtindo wa Toronto kiasi cha asilimia 40 ya damu ambayo moyo ungesukuma. Joto linapandishwa hadi nyuzi 37. Mashine inayapumulisha mara 7 tu kwa dakika. Kila saa wanayapa oksijeni tupu na kuyapima. Wanapiga eksirei papo hapo, wanaangalia kwa kamera. Kazi hiyo huchukua saa 4 hadi 6. Ni mara ya kwanza pafu linapimwa likiwa peke yake, mbali na dhoruba ya mwili uliofariki, mbele ya watu wasio na haraka.

Hapa nivumilie kidogo kwa hesabu, kwa sababu hata madaktari hujikwaa. Ungedhani oksijeni itaendelea kuwa kipimo kikuu. Siyo. Chukua mapafu ambayo sehemu moja ya tano imenywea, damu inapita bila kupata hewa. Ndani ya mwili, akiwa na oksijeni tupu, mtoaji huyo atapata namba iliyo chini ya 300, pengine 240, kwa sababu chembe nyekundu za damu iliyokosa hewa hunyang'anya oksijeni ya zile zilizoipata. Yaweke mapafu hayohayo kwenye mashine ya Toronto, ambayo kimiminika chake hakina chembe nyekundu. Sasa ni kama kuchanganya maji ya moto na ya baridi tu: sehemu nne zenye 600 na moja yenye 60 zinakupa karibu 490. Pafu lilelile, ugonjwa uleule, na namba imekuwa ya kuvutia! Ndiyo maana watafiti wa Toronto walionya kwamba katika mashine oksijeni huchelewa kusema. Kinachotangulia ni pafu kuwa gumu: shinikizo la kulijaza hewa linapanda, wepesi wake wa kutanuka unapungua, mishipa yake inakaza. Wanaojua kazi hii hutazama mstari unavyokwenda, saa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katika majaribio ya mwanzo ya Toronto sharti lilikuwa oksijeni ifike 350 na vipimo vingine visiharibike kupita asilimia 15. Pafu linaloboreka kila saa linaaminika kuliko lililoanza na namba nzuri kisha likaanza kukaza.

Majaribio hayo yalichapishwa mwaka 2011. Mapafu 23 yaliyotiliwa shaka yaliwekwa kwenye mashine, 20 yakapandikizwa. Baada ya saa 72, waliopata tatizo kubwa la pafu jipya kushindwa kazi walikuwa asilimia 15, huku kwa wale waliopata mapafu ya kawaida siku hizo wakiwa asilimia 30. Usiisome hivyo ukadhani mashine inafanya mapafu yawe bora mara mbili. Idadi ilikuwa ndogo, na tofauti ile ingeweza kuwa bahati. Lililothibitika linatosha: mapafu ambayo yangetupwa yalifanya kazi sawa na yale ambayo hakuna aliyeyatilia shaka.

Tangu hapo vipimo vimeongezeka. Baadhi ya vituo huyapima mapafu uzito, maana pafu linalozidi kuwa zito linakusanya maji. Wengine hutumia ultrasaundi juu ya pafu lenyewe. Toronto hupima kwenye kimiminika kemikali ambazo chembe hutoa zinapoungua kwa uvimbe, nazo hutabiri vizuri pafu litakalosumbua. Mwaka 2023 walichapisha programu ya kompyuta iliyofundishwa kwa mamia ya mapafu yaliyopita kwenye mashine, inayokadiria kama pafu litampa mpokeaji nafuu ya kutolewa mashine ya kupumulia ndani ya saa 72, au baada ya hapo, au halifai kabisa. Ninaikubali, na ninaona itasaidia vituo visivyo na uzoefu. Lakini tazama ilijifunza wapi neno "halifai": kwa wapasuaji waliokataa. Matokeo ya mapafu yaliyokataliwa hayapo popote, kwa hiyo hata kompyuta imerithi woga wetu.

Kuhusu kukubali. Huenda pia mkaulizwa kuhusu mapafu ya mtu aliyevuta sigara, na watu wengi hushtuka. Uingereza walitazama upandikizaji wa mapafu 1,295 wa kati ya mwaka 1999 na 2010. Waliopokea mapafu ya wavutaji walikuwa 510. Ni kweli, hawa waliishi muda mfupi kuliko waliopata mapafu ya wasiovuta. Lakini walipolinganishwa na wale waliobaki kwenye orodha wakisubiri, walikuwa na nafuu ya kuishi. Mama yako halinganishi pafu hili na pafu safi lililowekwa kabatini. Analinganisha na mapafu aliyo nayo kifuani sasa, na hayo unajua yanakwenda upande gani.

Kwa hiyo, ndiyo: kama timu yenu inayaamini mapafu yaliyopita kwenye mashine, ningemshauri mama akubali, na angekuwa dada yangu ningemwambia hivyohivyo. Lakini zungumzeni nao sasa kliniki, mchana, mama akiwa na nguvu za kuuliza, msingoje simu ya usiku. Waulize wanampangia mapafu ya mtoaji wa urefu gani hadi gani, na kama wanaweza kupunguza pafu kubwa ili lienee kifuani mwake. Waulize kama kingamwili zake zinamfungia watoaji wengi. Waulize mapafu yakiwa na shaka huwa wanayapeleka kwenye mashine au wanayakataa papo hapo, na ikiwa mashine iko, oksijeni ikiwa nzuri lakini pafu linakaza, wanaamuaje. Hilo la mwisho litawashangaza kidogo, lakini watalijibu kwa heshima.

Usiku wa simu ya tatu, wakisema mapafu yako kwenye mashine, mjue kungoja kutakuwa kurefu kuliko mlivyozoea, saa 4 hadi 6 zaidi. Mchukulie blanketi lake, na betri ya pili ya mashine yake ndogo ya oksijeni.